Mrejesho: mguu wa mama uliovimba

Assalaam aleikum. Niliwauliza juu ya mguu wa mama, hapa Likoni, uliobaki na maumivu na uvimbe hata baada ya kidonda kupona. Daktari aliupima kwanza, akaondoa shaka ya matende na ya damu kuganda, ndipo tukaanza kuusinga kwa mafuta ya nazi, kwa mkono mwepesi unaoelekea juu, tukitangulia paja kabla ya kifundo, kwa kuwa limfu, yaani majimaji ya mwilini yanayorudi kwenye damu kupitia mishipa yake, haina moyo wa kuisukuma bali hutegemea kujibana kwa mishipa hiyo, misuli na pumzi. Kwa maoni yangu, kuchezesha kifundo na kuuinua mguu juu ya mto kumesaidia kuliko mafuta yenyewe. Tangawizi mliyopendekeza ilimwasha, tukaiacha. Uvimbe wa jioni umepungua. Maumivu ya usiku bado yapo.