Amri ya DIR (ya kuorodhesha faili) kwenye Windows 98 inasimamasimama, na majina ya picha yanatoka nusu

Mpiga Picha wa Langoni:
Assalaam aleikum. Ami yangu ana studio hapa Langoni, Lamu, na kompyuta yake bado ni ya Windows 98. Ndani mna picha za Maulidi, za harusi, za mashindano ya majahazi, na nyuso za wazee ambao leo ni marehemu. Nataka orodha ya faili zote kabla diski haijafa, maana hewa ya chumvi haina huruma na vyuma. Naandika dir /s > c:\orodha.txt, skrini inaganda. Nikibonyeza Enter inaendelea kidogo, inaganda tena. Nikiifungua orodha, katikati ya picha nakuta "Press any key to continue". Na majina ni MAULID~1.JPG, MAULID~2.JPG. Nitajuaje ipi ni ya mwaka gani? Diski imeharibika?

Fundi wa Malindi:
Waaleikum salaam. Usiiguse diski, ndugu yangu, dalili hizi si zake. Andika set (amri inayoonyesha mipangilio ya kompyuta), ubonyeze Enter, utazame kama kuna DIRCMD=/P. Ukiiona, mchawi ndiye huyo. DIRCMD ni mpangilio ambao DIR huusoma kila inapoitwa, na /P huisimamisha kila skrini moja ikijaa. Inangoja ubonyeze kitufe, nawe huoni ikikuomba kwa sababu ombi lenyewe limeingia kwenye faili. Ongeza /-p kwenye amri yako. Kuiondoa moja kwa moja, itafute ndani ya AUTOEXEC.BAT (faili ya amri zinazoendeshwa kompyuta ikiwaka), uweke REM mbele ya mstari huo ili upuuzwe, usiufute.

Majina nayo: bila shaka umewasha kompyuta ikaingia MS-DOS tupu, yaani skrini ya amri bila Windows. Huko huonyeshwa herufi 8, nukta, na 3 za mwisho, basi. Iwashe Windows kama kawaida, fungua dirisha la MS-DOS humo humo, uandike:

dir c:\ /s /a-d /-p > c:\orodha.txt

Hiyo /s inapekua hadi folda za ndani, na /a-d inaacha majina ya folda na kuleta hata faili zilizofichwa.

Mwalimu wa Mkomani:
Fundi kasema kweli. Ongeza /4 pia, mwaka utoke kwa tarakimu nne. Na mtu asije akakushauri utumie /b: itakupa njia na jina tu, tarehe zote zitapotea, na kwa picha tarehe ni nusu ya habari. Ila tarehe hiyo ni ya faili kubadilishwa mara ya mwisho, kwa hiyo muulize ami yako akiwa bado anakumbuka. Kaa naye, muandike pamoja.

Mpiga Picha wa Langoni:
DIRCMD=/P ilikuwemo! Sasa nasoma "Maulidi Riyadha asubuhi.jpg", jina zima. Ahsanteni sana. Lakini orodha imezidi disketi, na Windows 98 haiitambui flashi yangu.

Fundi wa Malindi:
Flashi huko inataka draiva yake, yaani programu ya kuitambulisha kwa kompyuta. Disketi inabeba MB 1.44, basi gawa kwa folda:

dir c:\picha\maulidi /s /a-d /4 /-p > a:\maulidi.txt

Kisha harusi, kisha majahazi, kila moja na disketi yake.