Mashine ikisoma vibaya picha ya kifua, tumshike nani?

Mwana_Kilosa (mleta mada)
Wadau, salaam. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani limeruhusu programu ya kompyuta isome eksirei ya kifua kutafuta TB kwa watu wa miaka 15 na kuendelea, bila kumsubiri daktari bingwa wa mionzi. Kwetu mabingwa hao wamejaa mijini, na programu hizi zinafika vijijini na magari ya upimaji. Sizipingi. Nataka tujadili sheria. TMDA wanasimamia vifaa tiba, sawa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kazi tangu Mei 2023, sawa. Lakini mashine ikimwambia mtu yuko salama, akarudi nyumbani kuwakoholea wanawe miezi mitatu, tunamshika nani? Aliyeitengeneza yuko Uholanzi au India, aliyebonyeza ni kijana wa mkataba. Msimamo wangu: kwanza kanuni inayomtaja mbeba lawama, ndipo zisambazwe.

Zamu_ya_Usiku_MD
Mkuu, mada nzuri ila msimamo wako utaua watu. TB iliondoka na watu kama milioni 1.25 duniani mwaka 2023 peke yake. Kanuni yako ikiwa bado inazunguka kwenye kamati, watu wanakohoa. Na tuseme ukweli: zahanati nyingi leo mgonjwa anaonwa na mtu wa diploma ya miaka mitatu anayegugo dalili chini ya meza. Huyo hamkumdai kanuni mpya, mnaidai mashine iliyojaribiwa kwa maelfu ya picha? Hata yule panya wa Morogoro aliyepewa medali kwa kunusa TB, nani alimuuliza leseni?

Tabibu_Mpwapwa
Dokta, huyo wa chini ya meza ni mimi. Juzi usiku nilikuwa peke yangu, mama wa uchungu amefika sentimita nane, na mtoto wa degedege ananisubiri nimpime malaria. Niambie muda wa kugugo niliupata wapi, na bando ni la nani. Natibu kwa mwongozo mnaouandika nyie mabingwa. Nikifika mwisho wa uwezo naandika rufaa, ndugu wanachangishana mafuta ya gari. Futa hiyo kauli.

Zamu_ya_Usiku_MD
Sifuti. Nimesema zahanati nyingi, sijasema zote. Nimepokea mgonjwa wa kikohozi cha wiki sita, amezungushwa kwenye antibayotiki za kila aina, makohozi hayajachukuliwa hata mara moja. Huyo angepita mbele ya mashine siku ya kwanza angekuwa kwenye dozi.

Tabibu_Mpwapwa
Na mimi nimerudishiwa wagonjwa kutoka hospitali za mabingwa bila hata kipande cha karatasi kinachosema wamefanyiwa nini. Tuanze kuhesabiana?

Mluguru_SUA
Nyie endeleeni, ila panya wetu mniachie. Aliyepewa medali ya dhahabu 2020 ni Magawa, na alinusa mabomu ya ardhini Kambodia. Wa TB ni wenzake, panya buku wale wale, wako kazini tangu 2007. Na mfano wako dokta umekaa vibaya kabisa. Makohozi yanapimwa kwanza kliniki. Panya wanayanusa tena, mmoja anapitia sampuli 100 kwa dakika kama 20. Akionyesha alama, maabara inathibitisha, ndipo mgonjwa anatafutwa. Hakuna anayeambiwa ana TB kwa ushahidi wa panya. Wala panya hawezi kumwondolea mtu TB iliyokwisha kuonekana.

Kariakoo_Mwisho
Lakini WHO hawajawapitisha hao panya kuwa kipimo, Mluguru. Tusiwapambe.

Mluguru_SUA
Nani amesema wamepitishwa? Wamewaibua maelfu ya wagonjwa ambao hadubini iliwakosa. Nenda Morogoro ukaone, uache kubeza kitu cha nyumbani.

Fundi_Takwimu
Hilo la mwisho kuhusu panya ndilo lenye uzito. Panya anaongeza wagonjwa tu. Programu ya eksirei inaweza pia kuwaondoa. Inatoa alama, halafu mradi wenyewe unapanga mstari: waliozidi wanachukuliwa makohozi, wa chini wanakwenda nyumbani. Mstari uliofaa Lushoto unaweza usifae Mirerani kwenye vifua vilivyojaa vumbi la mgodi. Na kampuni ikitoa toleo jipya, alama zinabadilika kwa picha ile ile. Sasa kibali ni cha toleo lipi, na nani anaupima mstari upya?

Jirani_Nakuru
Jameni, huku kwetu hatukungoja. Kliniki za Penda pale Nairobi ziliweka AI inayomwangalia afisa wa kliniki anapoandika: kijani endelea, njano fikiria, nyekundu simama. Ni kliniki 15 na mahudhurio ya wagonjwa karibu elfu 40. Makosa ya utambuzi yalishuka asilimia 16, ya matibabu 13. Afisa ndiye anaamua. Kwa nini Tanzania mnapenda kuanza na lawama?

Mwana_Kilosa
Jirani, utafiti huo OpenAI, wale wa ChatGPT, wenyewe walikuwemo, na AI inayoiendesha programu hiyo ni yao. Tena wagonjwa walipoulizwa baadaye kama wamepata nafuu, tofauti ilikuwa ndogo mno kusema kitu. Mpishi asijipe tuzo ya pilau lake.

Jirani_Nakuru
Basi leta yenu tuone. Walichapisha hadi lile lisilowapendeza, wewe unalitumia kuwapiga nalo.

Mgeni_Kigali
Mimi naongeza moja. Rwanda tulikuwa na Babyl, watu zaidi ya milioni mbili walijisajili kupata daktari kwa simu. Kampuni mama ya Uingereza, Babylon, ikaanguka 2023 na huduma ikafungwa. Ukiandika hiyo kanuni, weka humo mwenye mashine akifilisika inakuwaje.

Diploma_Mtaani
Mnajadili mashine na mimi nina diploma ya utabibu, niko kijiweni na bodaboda. Tabibu wa Mpwapwa yuko peke yake usiku, nami nipo. Hela ya leseni ya programu kila mwaka ingeniajiri au isingeniajiri?

Tabibu_Mpwapwa
Ingekuajiri, mdogo wangu. Njoo hata kesho.

Zamu_ya_Usiku_MD
Ajira ni mada nyingine, na diploma haimpi mtu macho ya kusoma eksirei. Tabibu, nikuulize bila ugomvi. Wakikuletea mashine, ikasema kifua safi, na wewe umesikia pafu la kulia linakoroma, utaandika nini?

Tabibu_Mpwapwa
Nitachukua makohozi na nitasaini jina langu. Hilo nalifanya leo hata bila mashine. Nijibu na wewe dokta: nikiipinga mashine nikakosea, baraza litaniita. Nikiifuata ikakosea, litaniita mimi tena. Uliyesema kanuni itaua watu, ni karatasi gani nitaishika siku hiyo?