Stellenbosch au Franschhoek? Kura yako kabla hatujaomba viza

Mwanzisha mada, Kabalagala:
Ndugu zangu, kikundi chetu cha akiba kimekata shauri. Desemba hatuchinji mbuzi. Februari tunakwenda Afrika Kusini, Rasi Magharibi, kuonja mvinyo msimu zabibu zinapovunwa. Tuko tisa. Ugomvi uliobaki ni wa mabonde mawili jirani, mlima tu ndio umeyatenga. Mimi nataka Franschhoek, na sababu yangu si mvinyo, ni usukani. Kule kuna tramu inayopita kwenye reli ya zamani, na reli isipofika unapanda basi lao. Unashushwa shambani, unaonja, unachukuliwa hadi shamba la pili. Sisi tunaojuana tunavyoendesha baada ya chupa mbili, hapo tubishane nini tena?

Fundi wa Ntinda:
Tubishane sana tu. Stellenbosch ni mji wa 1679. Waprotestanti waliokimbia Ufaransa walifika Franschhoek 1688 wakamkuta jirani keshatia mizizi. Na Pinotage, aina ya zabibu ya mvinyo mwekundu, ilizaliwa Stellenbosch, 1925, profesa Perold alipochanganya aina mbili za zabibu, Pinot Noir na Cinsaut, hiyo ya pili kule waliiita Hermitage. Unatoka Entebbe mpaka Rasi halafu unachagua bonde kwa tramu? Dereva anakodiwa, bwana.

Mwanzisha mada:
Anakodiwa kwa hela ya nani? Mweka hazina kashaanza kunitazama vibaya. Na usinidanganye kwamba watu wataonja mvinyo na kuutema. Ndoo ya kutemea huwekwa mezani, ndiyo, lakini shangazi yetu namjua: kitu kilicholipiwa hakitemwi.

Mama wa Mbarara:
Nyinyi mnairuka Dodoma hivihivi! Pale zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa sababu hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Mkulima akipogoa, mti unaanza upya. Viza hatudaiwi, na bei tunauliza kwa Kiswahili.

Fundi wa Ntinda:
Mama, Dodoma tutakwenda. Swali la leo ni la mabonde mawili.

Mzee wa Bombo:
Mimi sinywi, nauliza tu. Mashamba ya huko yaliwalipa vibarua sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, wakaita dop. Sheria ikapiga marufuku, desturi ikaendelea miaka mingi. Mpaka leo Rasi Magharibi ina watoto wengi mno waliodhurika na pombe wakiwa tumboni. Hilo mmeliweka kwenye bajeti yenu?

Mwanzisha mada:
Shikamoo mzee. Sikuliweka, na tramu hailijibu. Kuna mashamba huko Rasi ambayo wafanyakazi wana hisa zao. Nitayatafuta kwanza, kisha ndiyo tuseme bonde. Fundi, likipatikana zuri upande wa Stellenbosch, napanda gari lako bila neno. Ila usukani hushiki wewe.