Hivi nchi ndogo inahitaji ndege za kivita kweli, au ni mbwembwe za gwaride?

Mwana Chilonwa
Wakuu mbukwenyi. Jana nipo Sabasaba hapa Dodoma nakunywa chai na chapati, jamaa wawili meza ya pili nusura washikane mashati. Mmoja anasema nchi isiyo na ndege za kivita ni nyumba isiyo na mlango, mwenzie anamwambia New Zealand walizipaki zote 2001 na mpaka leo hajatokea wa kuwavamia hata kwa mtumbwi. Nimerudi home nikapekua, kumbe ni kweli. Mama mmoja anaitwa Helen Clark, waziri mkuu, 2000 alifuta mpango wa kukodi jeti F-16 ishirini na nane za Marekani, mwaka uliofuata akafunga kabisa kikosi cha jeti za Skyhawk walizokuwa nazo. Wakabaki na ndege za doria za baharini na za mizigo, basi. Sasa tujadili kwa hoja, nchi ya uchumi wa kuungaunga inahitaji jeti kweli? Matusi hapana.

Kijana Area C
New Zealand jirani yake samaki. Wewe umepakana na nchi nane halafu unajilinganisha na watu wanaoishi na kondoo.

Mwana Chilonwa
Mimi sijataja Tanzania. Nimesema nchi ndogo.

Nzuguni Moja
Afadhali ulivyojitoa maana nilikuwa nakuja. Tanzania ndogo kwa nani? Hiyo New Zealand yako inaingia humu ndani mara tatu na nafasi inabaki. Watu mkikaa Dodoma mjini mkaona lami imeishia Nala mnadhani nchi imeishia hapo.

Mwana Chilonwa
Jamani mada sio ukubwa wa kilomita.

Mzee Kibaigwa
Vijana mnabishana kitu ambacho sisi tumekiona. Mwaka 1978 Amin alikuwa na jeti za MiG. Zilikuja kupiga daraja la Kyaka, zikapiga zikapiga, daraja limesimama pale pale, mwisho wakaenda kulitegea baruti kwa chini ndio likaanguka. Rafiki yake Gaddafi akaleta dude lake la kudondosha mabomu, Tu-22, kuipiga Mwanza, likakosa shabaha. Aliyemtoa Amin Kampala ni mtoto wa mkulima, kwa miguu, begi mgongoni, bunduki mkononi, na nyuma yake ile mizinga ya roketi ambayo Waganda mpaka leo wanaiita saba saba. Ndege zao tulikuwa tunazitungua na kombora la begani, mtu kasimama kwenye mgomba. Mwalimu alisema uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Hakutaja jeti.

Kijana Area C
Shikamoo mzee. Ila kwa heshima zote kila mada humu ndani lazima ipitie Kagera? Juzi tulikuwa tunaongelea bei ya vitunguu ukatupeleka Mutukula.

Mzee Kibaigwa
Marahaba. Na vitunguu vya mwaka 1979 unajua vilikuwa bei gani? Hujui. Ulikuwa hujazaliwa, na baba yako alikuwa anakojoa kitandani.

Kijana Area C
Mzee baba yangu umwache.

Nzuguni Moja
😂😂 Mzee kaanza.

Mzee Kibaigwa
Nimemwacha.

Spana 14
Mimi ni fundi, nitaongea kifundi. Kununua sio shida. Hapa gereji kuna Noah ya mteja ina miezi mitano juu ya mawe inasubiri kitu kimoja cha kwenye gia, mwenyewe anakuja kila Jumamosi anaikagua, anaifuta vumbi, anaondoka. Sasa hiyo ni Noah, spea zipo mpaka Kariakoo. Afrika Kusini ambao kwa bara hili ndio tunawaona wazungu walinunua jeti za Gripen 26, mpya kabisa za Sweden, ikafika 2021 mkataba wa matengenezo ukaisha pesa hakuna, zikakaa chini zote karibu mwaka mzima. Zote aisee. Armenia ndio usiseme, wamepokea jeti za Su-30 nne mwishoni mwa 2019, vita na Azerbaijan imewakuta 2020 zinaangalia tu, baadae waziri mkuu wao mwenyewe akaja kukiri kwamba zilikuja bila makombora. Yaani umenunua bunduki, risasi umeambiwa utachukua safari ijayo. Wenzao Waazabajani wanawachakaza na droni za Mturuki.

Kijana Area C
Kwa hiyo kwa sababu Noah ya mteja wako mbovu nchi isiwe na jeshi la anga?

Spana 14
Umesoma ulichotaka kusoma.

Dada wa Kikuyu
Hapo kwenye pesa ongezeni majirani zetu Uganda, 2011, Su-30 sita, ukijumlisha na silaha zake inakaribia dola milioni 740. Pesa ilishatoka benki kuu ndio bunge likaja kuombwa baraka. Kama mume anayeuza ng'ombe halafu jioni anauliza mama nanii unaonaje tukiuza ng'ombe.

Nzuguni Moja
Dada wewe una lako jambo na huyo mume 😂

Dada wa Kikuyu
Sina mume, nina mifano.

Kijana Area C
Haya na mimi nijibu maana mnapiga upande mmoja. Uswisi, nchi ndogo, tajiri, haina ugomvi na mtu. 2014 ndege ya Ethiopian inaenda Roma, nahodha katoka kwenda msalani, rubani msaidizi kamfungia mlango kaipeleka ndege Geneva mwenyewe. Walioisindikiza angani ni jeti za Italia na Ufaransa. Jeti za Uswisi zilikuwa wapi? Zimelala! Ndege imetua saa kumi na mbili asubuhi, jeshi lao la anga lilikuwa linafungua saa mbili kama duka la jumla, na mchana walikuwa wanafunga waende kula. Dunia nzima ikawacheka. Baadae wakapiga kura ya kununua jeti mpya, ikapita kwa asilimia 50.1 tu lakini ikapita, sasa wameagiza F-35 na wanalinda saa 24. Sasa niambieni siku ndege ya abiria ikitekwa juu ya Dodoma, Chamwino pale Ikulu, bungeni pale, utaifuata na saba saba?

Mwana Chilonwa
Hii ni hoja sasa. Ahsante. Tuendelee hivi.

Spana 14
Umejijibu mwenyewe, walikuwa nazo na hazikuruka. Shida ilikuwa ratiba na mishahara ya zamu.

Dada wa Kikuyu
Na kabla ya jeti kuna kuona. Bila rada huyo rubani wako atamfuata nani, atauliza bodaboda? Na rada tukinunua mnajua wenyewe. Ile ya Waingereza tuliuziwa pauni milioni 28, kesi ikaja kuunguruma huko kwao, chenji iliyorudi milioni 29 na nusu, ikanunua vitabu na madawati. Duka gani unaenda na elfu kumi unarudishiwa elfu kumi na mia tano na bidhaa unabaki nayo.

Nzuguni Moja
Chenji ya rada 😂😂 nilisahau kabisa.

Mwana Chilonwa
Ila tukisema ukweli wakuu, sisi huku ndege anayetuvamia kila mwaka ni kwelea kwelea, na huyo hasubiri ruhusa ya mnara.

Mtani wa Iringa
Hahaha mimi nilikuwa napita tu. Nyie Wagogo mnalia na kwelea kila mwaka kwa sababu mmeng'ang'ania mtama na uwele. Limeni mahindi kama watu wengine, kwelea hana mdomo wa kula gunzi. Ila mtaachaje mtama na ule mlenda wenu utaliwa na nini.

Binti Bahi
Nimesoma kimya kuanzia juu ila wewe mtu wa Iringa umenitoa. Unajua mvua ya Dodoma ni milimita ngapi kwa mwaka? Mia tano na kitu, na hizo mia tano zinakuja wiki mbili halafu jua linapiga wiki nne, sasa hayo mahindi yako unayapanda yanafika kiunoni yanakauka yamesimama kama watu waliopigwa picha, mtama unasubiri unajikunja ukipata tone unaamka, ndio maana babu zetu waliuchagua na hawakuwa wajinga. Na mlenda usiuguse mdomoni mwako.

Mtani wa Iringa
Mtani punguza moto, ni utani tu.

Binti Bahi
Utani una mipaka. Mwaka jana mama yangu ekari tatu za mtama, umeshajaa, umeanza kuweka rangi. Tumejenga dungu, tumeamia wiki mbili, mimi, mdogo wangu na watoto wa shangazi, kuanzia kiza hakijatoka mpaka jua linazama, debe, kombeo, sauti imekauka. Ukiwatimua upande huu wanahamia ule, wakinyanyuka kwa pamoja ni kama mtu anakung'uta turubai kubwa, na kivuli chao kinapita juu yako unahisi ubaridi. Siku ya kumi na tano tulienda msibani, siku moja tu. Tumerudi tumekuta masuke meupe. Tulishatoa taarifa kwa wahusika mapema, ndege ya kunyunyizia dawa ikaja baada ya siku tisa, imekuta mabua. Rubani akazunguka mara mbili akaondoka.

Spana 14
Pole sana dada.

Mzee Kibaigwa
Pole mwanangu. Hiyo ya siku moja ndio wanayoingojaga.

Kijana Area C
Pole. Lakini jamani hiyo ni Wizara ya Kilimo sio jeshi.

Binti Bahi
Nimesema ni jeshi mimi?

Fundi Kondoa
Mtu wa Iringa mwambieni kwelea hali gunzi sawa, ila muulizeni mpunga na ngano. Huyu hana kabila. Sisi Kondoa tunamtega kwa wingi tunakula, ukimkaanga na chumvi hutakumbuka kuku. Ila aliyepigwa dawa usiguse, ile sumu inaua mpaka bundi na tai anayemwokota.

Dada wa Kikuyu
Fundi naomba kuuliza, dawa wanapiga muda gani? Maana kuna jamaa alisema usiku.

Fundi Kondoa
Jioni wakirudi kulala. Mchana wametawanyika unampiga nani, wanalala maelfu kwa maelfu sehemu moja kwenye miba au matete, pale ndio rubani anapita chini chini na giza linaingia. Kazi ya hatari ile kuliko hizo F-16 zenu. Tatizo mpaka mmjue wamelala wapi, na ndege yenyewe iwe karibu, maana hata ile ya shirika la nzige la nchi zetu za Afrika Mashariki inagombaniwa, leo Sudan kesho Ethiopia.

Nzuguni Moja
Kwanini jeti ya jeshi isipite chini kwa spidi ule mlipuko wa sauti uwaue? Serious.

Spana 14
Utawashtua tu kwelea, na utavunja vioo vya Bahi yote. Kwelea wenyewe watarudi saa kumi.

Kijana Area C
Mnaona sasa, mnakubali jeti ina kazi.

Dada wa Kikuyu
Hakuna aliyekubali hapa!

Kijana Area C
F-35 saa moja ya kuruka inakula zaidi ya dola 30,000, sijasema ya kufukuzia ndege. Nasema nchi lazima iwe na kitu cha kumfikia mtu angani. Hata New Zealand wanaringa kwa sababu Australia yupo pale pembeni. Sisi Australia wetu nani?

Mzee Kibaigwa
Hapo kijana umesema jambo. Ila hata hizo chache utakazokuwa nazo ziwe na rubani anayeruka kila wiki. Rubani anayesubiri Desemba aje kupita uwanjani watoto wapige makofi, huyo ni mwanasarakasi.

Mtani wa Iringa
Mzee na kijana wamepatana, andikeni tarehe.

Mwana Chilonwa
Kwa hiyo wakuu, tunahitaji au hatuhitaji? Maana wale wa Sabasaba kesho watakuwepo na mimi niliahidi kuwapelekea jibu.

Nzuguni Moja
Wapelekee uwele. Kuna mtu anajua debe la uwele Majengo limefika ngapi?

Dada wa Kikuyu
Lilikuwa limepanda sana Jumatatu, sijarudi tena.

Mwana Chilonwa
Jamani...

Mtani wa Iringa
Binti Bahi, bado umenuna? Mwaka huu mmepanda tena?

Binti Bahi
Tumepanda. Umeanza kujaa. Keshokutwa tunapandisha dungu.

Mtani wa Iringa
Nitakuwa Dodoma Ijumaa nimeleta mbao. Nikipita huko nisaidie kuamia nije na nini?

Binti Bahi
Debe tunalo. Njoo na sukari kilo mbili na mdomo wako ule ule, ndio tutautumia kufukuzia.