Kombe la Dunia linarudi Afrika 2027 na nafasi yetu ya wenyeji wamepewa Namibia. Mashabiki wa kriketi Kenya nani wa kutujibu?

Wadau, nimevumilia nimechoka. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaki kuificha.

Mwaka 2003 Kombe la Dunia la kriketi lilipokuja Afrika kwa mara ya kwanza, wenyeji walikuwa watatu: Afrika Kusini, Zimbabwe na Kenya. Mwaka 2027 linarudi, na wenyeji ni watatu vilevile: Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia. Rudieni kuyasoma hayo majina. Namibia hao ndio waliokuja 2003 wakapigwa mechi zote sita, wakati sisi tulifika Durban kucheza nusu fainali na India.

Sina ugomvi na Wanamibia. Walijipanga, wakafanya kazi, wanavuna. Oktoba 11, 2025 walizindua uwanja wao mpya Windhoek kwa kuifunga Afrika Kusini kwenye mpira wa mwisho kabisa wa mechi. Nilifurahi kwa ajili yao, lakini usingizi ulinipaa usiku ule, kwa sababu siku tisa tu nyuma sisi tulikuwa Harare. Nusu fainali ya mchujo wa Afrika, anayeshinda anakwenda Kombe la Dunia la ishirini-ishirini la 2026 (mechi fupi, kila timu inapiga ova ishirini, na ova moja ni mipira sita), mpinzani Zimbabwe. Mpigaji wetu Rakep Patel alipigana karibu peke yake, tukafikisha mikimbio 122 (mikimbio ndiyo alama za kriketi). Ikaja zamu yao, Brian Bennett akapata ova moja akaipiga mipira yote sita, na yote sita ikafika kwenye kamba ya mpaka wa uwanja. Wakamaliza kazi wakiwa na wiketi saba mkononi, yaani tulitoa wapigaji wao watatu tu kati ya kumi.

Mimi nilikuwa nimeamini, wallahi. Wiki nzima nilikuwa nawaambia watu kazini kwamba safari hii tunapita. Na hilo ndilo linaloniuma kuliko kushindwa kwenyewe: kila miaka miwili tunapewa tumaini dogo, tunalishika kwa mikono miwili, halafu tunanyang'anywa mbele ya watu.

Kuna vijana humu nikiwaambia Kenya ilikuwa tishio wananiona mzee wa hadithi. Basi sikilizeni.

Februari 29, 1996, mji wa Pune kule India. Kenya ndiyo kwanza inashiriki Kombe la Dunia. Tunatolewa kwa mikimbio 166, kila mtu anajua mechi imeisha. West Indies wanaingia, Rajab Ali anamrushia nyota wao Brian Lara, mpira unagusa gongo kidogo tu, Tariq Iqbal nyuma ya wiketi anaudaka. Lara huyo anarudi kukaa. Maurice Odumbe akamalizia kwa wiketi tatu, West Indies wote nje kwa mikimbio 93. Mwaka 1998 tukawafunga India nyumbani kwao, Gwalior. Mwaka 2001 tukawafunga tena, safari hiyo Port Elizabeth. Hao ni India wa Tendulkar na Ganguly, si timu ya wanafunzi.

Halafu 2003. Hapa nawaomba mnivumilie, maana kuna watu wazima kabisa wanaosema tulifika nusu fainali kwa kubebwa kwa kuwa New Zealand waligoma kuja Nairobi. Ni kweli waligoma kwa kisa cha usalama na pointi tukapewa. Lakini Sri Lanka walikuja. Februari 24, uwanja wa Gymkhana, Sri Lanka wakiwa na Jayasuriya, Aravinda de Silva, Vaas na Muralitharan. Tulipata mikimbio 210, wao wakaishia 157. Collins Obuya aliwatoa watano kwa mikimbio 24. Nani alitubeba siku hiyo? Bangladesh tukawapiga Johannesburg, Zimbabwe tukawapiga Bloemfontein kwa wiketi saba. Hao nao walitubeba?

Na mimi ni mtu wa Mombasa, siwezi kulitaja Kombe lile nikampita Asif Karim. Mzaliwa wa Mombasa, alikuwa ameshastaafu tangu Kombe la Dunia la 1999, umri unakaribia miaka arobaini, wakamwita arudi. Machi 15, Durban, tunacheza na Australia, mabingwa wa dunia. Sisi tumepata mikimbio 174 tu na Brett Lee ametutoa watatu kwa mipira mitatu mfululizo. Australia wanaanza kama watu wenye ndege ya kuwahi. Gilchrist anapiga anavyotaka. Anapewa mpira Asif. Spini (mpira wa kuzungushwa) ya mkono wa kushoto, polepole, hatua chache tu za kukimbia. Anamnasa Ricky Ponting mguu mbele ya wiketi. Anamtoa Lehmann. Anamtoa Hogg. Ova zikawa zinapita bila mkimbio hata mmoja: ova nane na mipira miwili, mikimbio saba tu, wiketi tatu. Australia walishinda mechi, ndiyo, lakini mchezaji bora wa siku alikuwa mzee wetu kutoka Mombasa. Nendeni mkatazame nyuso za wale Waaustralia, hakuna aliyekuwa anacheka.

Mpaka leo ninapoandika, Kenya ndiyo nchi pekee isiyo na hadhi ya kucheza Test (mechi za siku tano, ngazi ya juu kabisa ya kriketi) iliyowahi kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia la wanaume la ova hamsini. Si Ireland wala Afghanistan, ni sisi.

Sasa niambieni tulifanya nini na bahati ile.

Mwaka 2004 na 2005 wachezaji wakagoma kwa sababu ya malipo. Agosti 2004 Maurice Odumbe akafungiwa miaka mitano. Mwaka 2005 serikali ikakivunja chama cha zamani kikaundwa kingine. Na katika mwaka huo wote wa 2005 timu iliyocheza nusu fainali miaka miwili nyuma haikucheza hata mechi moja ya kimataifa ya siku moja, ile ya ova hamsini. Hata moja! Mchezaji aliyemtoa Jayasuriya anakaa nyumbani kusubiri mabwana wamalize kugombania ofisi. Steve Tikolo, nahodha wetu wa 2003, ambaye kwa maoni yangu alistahili kucheza Test popote duniani, tulimla miaka yake mizuri tukamwacha azeekee kwenye vurugu.

Mnajua mlolongo uliofuata. 2007 tulitolewa mapema. Mwaka huohuo kwenye lile la kwanza la ishirini-ishirini Sri Lanka wakatupiga mikimbio 260, na tangu hapo hatujarudi kwenye mashindano hayo. 2011 tulifungwa mechi zote sita, moja ya hizo New Zealand wakatutoa kwa 69 kule Chennai. Januari 2014 tulikwenda New Zealand kwenye mchujo, tukafungwa na Scotland, tukakosa Kombe la Dunia na hadhi ya mechi za siku moja ikaondoka nayo. Februari 2018 kule Namibia, kwenye mashindano ya dunia ya daraja la pili, tukamaliza mkiani. Nahodha, kocha na mwenyekiti wote wakajiuzulu. Kocha mwenyewe alikuwa Thomas Odoyo, shujaa wa 2003. Na nahodha alikuwa huyohuyo Rakep Patel niliyemtaja hapo juu, ambaye miaka saba baadaye bado ndiye tunayemtegemea atuokoe Harare. Hamuoni tatizo hapo? Collins Obuya naye tulimtegemea mpaka 2024, miaka 21 baada ya wiketi zake tano za Gymkhana. Nampenda Collins kwa moyo wote, lakini nchi inayozalisha wachezaji haimlazimishi mtu kubeba mzigo kwa miongo miwili.

Afghanistan mwaka 2008 walikuwa daraja la tano, wanacheza na Jersey. Oktoba 2013 walitufunga Sharjah wakaenda Kombe la Dunia. 2017 wakapewa Test. 2024 wakacheza nusu fainali ya ishirini-ishirini. Watu waliojifunza mchezo kwenye kambi za wakimbizi! Na majirani zetu Uganda, tuliokuwa tunawaona wadogo zetu, walikwenda Kombe la Dunia la 2024 baada ya kuwafunga Zimbabwe kwenye mchujo, na wakashinda mechi, waliwafunga Papua New Guinea. Tanzania nao walifika nusu fainali Harare 2025 kama sisi. Kila mtu anapanda ngazi, sisi tunashuka tukiwapisha.

Msiniambie Wakenya hawana kipaji cha kriketi. Kipaji kilikuwa kinazaliwa familia kwa familia: Tom, David na Steve Tikolo, Kennedy Otieno, David na Collins Obuya, Martin na Tony Suji, akina Odumbe, akina Ngoche, kaka na dada wote wakivaa jezi ya taifa. Lakini hilo lenyewe lilikuwa onyo ambalo hakuna aliyelisoma. Timu nzima ilitoka kwenye familia chache na klabu chache, nyingi za Nairobi, nyingi zimejengwa na jamii ya Wahindi kwa pesa zao. Watoto waliokaa karibu na viwanja hivyo ndio waliopata kushika gongo. Baada ya 2003, wakati kila mtoto nchini alikuwa anajua jina la Tikolo, ndiyo ilikuwa saa ya kupeleka mchezo Kisumu, Nakuru, Eldoret, na huku kwetu uvuke nje ya kuta za klabu. Ile timu waliigeuza ng'ombe wa kukamuliwa bila kupewa majani.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anasoma sekondari, anarusha spini. Anajua kuuzungusha mpira mpaka unamsikitikia mpigaji. Nilikwenda kumtazama kwenye mechi ya shule. Timu nzima ina pedi jozi mbili, moja ufito wake umeshatokeza nje ya kitambaa, wameifunga kwa kamba ya viatu. Glavu ni jozi moja kwa wapigaji wawili walioko uwanjani, kwa hiyo mmoja anavaa ya kushoto, mwenzake ya kulia. Mpira umechakaa mpaka mshono umelala, na mrushaji wa spini asiyekuwa na mshono wa kushika utamfundisha nini? Mwalimu anayewafunza ni wa hesabu, anajitolea, nauli ya mechi za ugenini wazazi tunachanga. Mtoto yule ameniuliza, "Mjomba, nikimaliza shule nitacheza wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa.

NYONGEZA: Naona mdau mmoja ameandika "kriketi ni mchezo wa matajiri, acha tushughulike na mpira wa miguu na riadha." Ndugu yangu, Collins Obuya na wenzake hawakuwa watoto wa matajiri. Na riadha haikupungukiwa chochote siku ile Gymkhana ilipolipuka kwa shangwe. Kriketi inarudi kwenye Olimpiki Los Angeles 2028. Nchi inayojisifu kwa Olimpiki itakaa kimya tu?

Mwingine anasema nawavunja moyo wachezaji. La hasha. Wachezaji wa sasa ndio ninaowatetea. Wanacheza mashindano makubwa wakiwa na maandalizi hafifu, wakirudi wanatukanwa wao. Hasira yangu ni kwa waliokaa kwenye viti vya uongozi wa mchezo huu, kamati baada ya kamati, kesi baada ya kesi mahakamani, kila kundi likija na maneno mapya na hakuna hata moja lililotuwekea mezani hesabu za pesa tukaziona.

Kwa hiyo nauliza, na naomba anayejua ajibu kwa jambo, si kwa matusi. Pesa za ICC (baraza la kriketi la dunia) zinazokuja kila mwaka zinakwenda wapi, na ngapi zinafika shuleni? Kuna ligi ya mikoa kweli, au ni klabu zilezile za Nairobi zinazungukana? Timu ya taifa ya vijana chini ya miaka 19 inakutana mara ngapi kwa mwaka? Mechi za nyumbani kwa nini tunazisikia zikiwa zimeshakwisha, wakati simu moja tu na intaneti zinatosha kuturushia? Na kama kuna mtu mwenye ratiba ya ligi ya Pwani ya msimu huu, timu gani zimo na uwanja gani, aiweke hapa chini leo. Mpwa wangu anaisubiri.