"Imeimarishwa kwa joto": joto gani? Wauza sumaku, mnatuona wajinga?

Wakuu, nimechoka. Kila anayeuza sumaku za neodimi zilizogandishwa kwa polima (yaani unga wa sumaku ulioshikwa kwa gundi) anaandika "imeimarishwa kwa joto", halafu basi. Nyuzi ngapi? Kwa muda gani? Kwenye hewa ya kawaida au kwenye nitrojeni? Ukiuliza, unatumiwa karatasi ileile yenye maneno hayohayo, safari hii ina muhuri.

Pete za sumaku nilizopokea mara ya mwisho, ukizishika tu ukingo unamomonyoka. Vidole vyeusi tii, na ule unga ukiufuta unarudi kuning'inia kwenye sumaku kama ndevu. Ukiisukuma pete kwenye shafti, inapasuka. Hiyo inanukia epoksi mbichi, yaani ile gundi haikuiva! Epoksi nyingi za kazi hii huiva kati ya nyuzi 150 na 180 za Selsiasi, na ni pete yenyewe mpaka katikati inayotakiwa kufika hapo. Hawa wanajaza trei pomoni, wanaanza kuhesabu dakika mlango wa oveni ukifungwa, kengele ikilia wanafungasha mzigo.

Wengine wanakosea upande wa pili. Wanachoma kupita kiasi kwenye hewa ya wazi, neodimi inaliwa na oksijeni, na punje za unga zilivyo ndogo, madhara yanakuja haraka. Unapewa kitu kigumu kama unavyotaka, ila injini ikipata moto kidogo usumaku unapungua na haurudi.

Aliyenimaliza kabisa ni yule aliyeniapia kwamba zake zimepita nyuzi 500 "ili mvuto uongezeke". Nyuzi 500! Joto hilo ni la sumaku za kuchomelea unga kwa unga bila gundi, zile zinazopita kwanza kwenye tanuri la zaidi ya nyuzi 1,000. Polima ukiipeleka huko haibaki. Na tanuri la kuivishia gundi halimwongezei mtu mvuto, linakaza mwili wa sumaku tu. Usumaku unatiwa baadaye, kwa koili, ikishapoa.

Siombi siri ya kiwanda. Niandikieni joto, muda, hewa iliyokuwemo, sumaku inavunjika kwa megapaskali ngapi (kipimo cha mkazo), na ikikaa kwenye nyuzi 120 inapoteza asilimia ngapi. Mistari mitano. Kuna mtu humu amewahi kupewa hiyo mistari bila kugombana?