Pelé, Maradona, Messi au Ronaldo? Na Kombe la 2026 nani anabeba?

NAMBA KUMI (mwanzisha uzi)
Wakuu, maswali mawili. Kati ya Pelé, Maradona, Messi na Cristiano Ronaldo, nani mkali wa wote? Na Kombe la Dunia la 2026 kule Marekani, Kanada na Mexico linaenda kwa nani?

Naanza mimi. Messi. Mwaka 2022 alifunga hatua ya makundi, akafunga 16 bora, robo, nusu, na mawili kwenye fainali. Mpira wa Dhahabu, tuzo ya mchezaji bora wa Kombe la Dunia, anao mara mbili, 2014 na 2022, na hakuna mwingine mwenye miwili. Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka, anazo 8. Kombe la 2026 nawapa Hispania: Euro 2024 walishinda mechi zote 7. Anayepinga alete hoja, matusi aache nje.

BEKI MKONGWE
Vijana mnaanza kuhesabu mlipozaliwa. Pelé ana miaka 17, fainali ya 1958, ugenini kwa Wasweden wenyewe: anautuliza mpira kwa kifua ndani ya boksi, anaupitisha juu ya kichwa cha beki, anauzunguka na kuupiga kabla haujagusa chini. Hapo nusu fainali alishawatia Wafaransa matatu. Makombe matatu, mchezaji pekee duniani. Tufunge uzi.

WINGA TELEZA
Usifunge kwanza, mzee wangu. Kombe la 1962 Pelé aliumia mechi ya pili na hakurudi tena. Aliyeibeba Brazili ni Garrincha. Medali anayo kihalali, ila tusimhesabie kana kwamba alilicheza lote. Kwangu ana mawili, 1958 na 1970.

BEKI MKONGWE
Sawa, mawili. Sasa nawe jibu hili: 1966 Wareno walimpiga mateke mpaka akawa anachechemea, na kubadilisha mchezaji hakukuruhusiwa, kwa hiyo alibaki uwanjani hivyo hivyo. Kadi za njano na nyekundu zimekuja Kombe la Dunia la 1970. Messi wako angemaliza msimu kwa mabeki wale?

KIUNGO PUNDA
Mnazunguka tu, jibu ni Maradona. Nitarefusha kidogo, mnivumilie.

Ninyi mnahesabu makombe, mimi nauliza: mtoe huyu mtu kwenye timu, kinabaki nini? Brazili ya 1970 ukimtoa Pelé bado una Jairzinho, Tostão, Gérson na Rivelino. Argentina ya 1986 ukimtoa Maradona hata nusu fainali sioni. Timu ilifunga mabao 14, yeye kafunga 5 na kutoa pasi za mwisho 5. Mechi na England wote mnaikumbuka kwa bao la mkono, lakini dakika nne baadaye anapokea mpira ndani ya nusu yake, amewapa mgongo, anageuka katikati ya Beardsley na Reid, anampita Butcher, Fenwick, anamlaza kipa Shilton. Mpira haujatoka mguu wa kushoto hata mara moja. Fainali na Ujerumani Magharibi akabandikwa kiungo wao Matthäus, akabanwa kweli, wakarudisha mabao mawili, halafu dakika za mwisho akapata upenyo mmoja tu, pasi moja kwa Burruchaga, kwisha habari.

Kisha nenda Napoli. Klabu iliyokuwa haijawahi kuchukua ligi ya Italia, akaipa mbili, 1987 na 1990, pamoja na Kombe la UEFA 1989. Haendi kwa wakubwa kuongezewa nguvu, anakwenda kwa wanyonge kuwapiga wakubwa.

NAMBA KUMI
Hoja nzuri, Kiungo. Ila ubora wake uliishi muda mfupi. 1991 alifungiwa kucheza kwa kukutwa na dawa za kulevya, 1994 karudishwa nyumbani katikati ya mashindano. Messi alifunga mabao 91 mwaka 2012, na miaka kumi baadaye akabeba dunia. Kukaa juu muda wote huo nako ni kipaji.

SABA MGONGONI
Ronaldo wangu mnamruka makusudi? Ligi za England, Hispania na Italia zote kachukua. Ligi ya Mabingwa 5. Euro 2016. Hakuna mwanamume aliyeifungia timu ya taifa mabao mengi kama yeye. Kafunga kwenye Kombe la Dunia tano tofauti!

WINGA TELEZA
Kwenye hizo tano kafunga 8, na hatua ya mtoano bado sifuri. Sina la kuongeza.

DADA WA KATI
Mbona orodha yenu wanaume watupu? Marta ana mabao 17 ya Kombe la Dunia. Klose, kinara wa wanaume kuelekea 2026, ana 16. Halafu hilo suala la makombe linawaonea watu: Di Stéfano hakucheza Kombe la Dunia hata dakika moja, George Weah naye vilevile, na Ballon d'Or ya 1995 ni yake. Utamlaumu Weah kwa kutokuwa na kombe?

Mimi nimefuata la 2026. Safari hii timu ni 48, na baada ya makundi kuna raundi ya timu 32, kwa hiyo bingwa anacheza mechi 8 badala ya 7. Weka joto la Juni na Julai, weka safari za ndege kati ya nchi tatu. Hapo anayebeba ni mwenye benchi refu, na benchi refu ni Ufaransa. Wamecheza fainali 2018 na 2022, na Mbappé ana mabao 12, Klose anamwona pale.

Hispania siwaamini kwenye mtoano. 2022 walipasiana na Morocco dakika 120 bila bao, halafu penalti tatu wakakosa zote tatu.

KIUNGO PUNDA
Dada, umesahau jiografia. Makombe yote yaliyochezwa bara la Amerika hadi sasa, Ulaya wamechukua moja tu, Ujerumani 2014. Mengine yote Amerika Kusini. Naweka Argentina.

BEKI MKONGWE
Kutetea ubingwa? Italia 1938, Brazili 1962, basi. Ufaransa walijaribu 2022 wakafia fainali. Lakini najua mtakachosema, fainali itakuwa ile ile tena, Argentina na Ufaransa.

WINGA TELEZA
Ikiwa ile ile na ikafika matuta, nakumbusha tu: 2022 penalti ya Coman ilipanguliwa na Martínez, kipa wa Argentina, na Tchouaméni akapiga nje. Ufaransa wamalize kazi ndani ya dakika 120, wasimpe yule kipa nafasi ya kuanza vituko vyake.